Henry Timken: Mtengeneza magari ya farasi aliyeingiza rola ndani ya habu

Karibu tela lolote linalovuka Malaba, Namanga, Rusumo au Tunduma, ukifungua habu yake utakuta beringi mbili zenye rola zilizochongoka upande mmoja. Moja iko ndani, nyingine nje, na zimegeukiana. Mpango huo ulisajiliwa nchini Marekani Juni 1898 na mzee wa miaka 66, fundi wa magari ya farasi, ambaye tayari alikuwa amestaafu biashara mara moja.

Mzee huyo ni Henry Timken. Wauza vipuri wa Gerezani jijini Dar es Salaam, wa Kirinyaga Road Nairobi na wa Kisekka mjini Kampala wanalitamka jina lake kila siku, lakini wengi wanalijua kama jina la boksi tu. Ni wachache wanaojua kuwa lilikuwa jina la mtu, na kwamba mtu huyo alifanya maamuzi kadhaa ya biashara ambayo msafirishaji wa leo bado anayalipia au anafaidika nayo.

Timken alizaliwa mwaka 1831 karibu na Bremen, Ujerumani. Mwaka 1838 familia ilihamia Marekani ikaanza kilimo katika jimbo la Missouri. Kijana hakukipenda kilimo. Alipofika umri wa miaka 16 alikwenda St. Louis kujifunza kazi kwa fundi wa magari ya kukokotwa na wanyama, na mwaka 1855 akafungua karakana yake mwenyewe. Mwaka huohuo alimwoa Fredericka Heinzelman.

St. Louis ya wakati huo ilikuwa mji wa wasafirishaji. Mizigo ilishushwa kutoka kwenye meli za mto Mississippi, ikapakiwa kwenye magari ya nyumbu na farasi kuelekea magharibi. Fundi wa magurudumu hakukosa kazi. Hata hivyo mwaka 1860 Timken naye aliambukizwa homa ya dhahabu, akaenda Pikes Peak, Colorado. Hakupata utajiri huko, akarudi kwenye karakana. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani alitumikia jeshi la jimbo la Missouri na kupata cheo cha kapteni.

Fedha zake za kwanza kubwa hazikutokana na beringi bali springi. Mwaka 1877 alipata hataza ya springi ya gari la farasi iliyokuja kujulikana kwa jina lake. Badala ya kujaribu kuitengeneza springi hiyo yeye peke yake kwa nchi nzima, aliwauzia watengenezaji wengine haki ya kuitumia, nao wakamlipa mrabaha. Kwa lugha ya uchumi, alikusanya mapato bila kujenga viwanda. Kila gari lililotengenezwa na mshindani wake likiwa na springi ile lilimwingizia yeye kitu mfukoni.

Kufikia mwaka 1887 alikuwa na mali ya kutosha kustaafu. Alihamia San Diego, California, mahali penye hali ya hewa nzuri, na hapo angeweza kumalizia maisha yake kwa utulivu.

Lakini hataza za Marekani wakati huo zilidumu miaka 17. Ile ya springi ya mwaka 1877 ilikuwa inafikia ukomo mwaka 1894, na baada ya hapo mtu yeyote angeruhusiwa kutengeneza springi hiyo bila kumlipa senti. Ni vigumu kuamini kuwa hesabu hiyo haikuwa kichwani mwake aliporejea St. Louis katika miaka ya 1890 na kuanza kushughulika na tatizo jipya. Tatizo hilo lilikuwa ndani ya kitovu cha gurudumu.

Habu ya gari la mizigo la enzi hizo ilikuwa kitu rahisi. Ndani ya kitovu cha mbao ilipigiliwa bomba fupi la chuma cha kusubu, na ncha ya ekseli ikazunguka humo ikiwa imepakwa mafuta ya wanyama au grisi. Chuma kilisugua chuma. Gari tupu halikuwa na shida kubwa, lakini likipakiwa mzigo mzito, sehemu kubwa ya nguvu ya wanyama iliishia kwenye msuguano huo. Mafuta yakikauka, habu ilipata moto na chuma kikaanza kulika.

Wapo waliotangulia kutafuta dawa. Gololi zilikuwa zimeshaenea kwenye baiskeli. Zilizunguka vizuri sana, ila gololi hugusa njia yake kwa nukta ndogo, na chini ya tani kadhaa nukta hiyo hubonyea. Rola za mviringo ulionyooka zilikuwapo pia. John Wesley Hyatt alikuwa ameanza kuziuza katika muongo huohuo. Rola hugusa njia yake kwa mstari mzima, hivyo hubeba uzito zaidi.

Udhaifu wa rola iliyonyooka uko kwenye kona. Gari likikata kona, au likipita kwenye barabara iliyoinama upande, mzigo hausukumi chini peke yake. Unasukuma pia kwa ubavu, kana kwamba unataka kulichomoa gurudumu kwenye ekseli. Rola iliyonyooka haina cha kuzuia msukumo huo. Dereva yeyote wa lori anayeteremka Kitonga na mzigo anaujua msukumo wa aina hiyo bila kusomea.

Jibu la Timken, alilolifanyia kazi pamoja na Reginald Heinzelman, mtoto wa ndugu wa mkewe, lilikuwa kuzichonga rola ziwe na umbo la pia iliyokatwa ncha. Sehemu ya ndani inayokaa kwenye ekseli, ambayo mafundi huiita koni, nayo ilichongwa kwa mteremko. Kikombe cha nje kinachobanwa ndani ya habu kikachongwa vivyo hivyo. Mistari yote ya miteremko hiyo ikirefushwa hukutana mahali pamoja katikati ya ekseli, na hiyo ndiyo siri yenyewe, kwa sababu rola huviringika bila kuburuzwa.

Beringi ya namna hiyo hubeba uzito wa kutoka juu na msukumo wa ubavuni kwa pamoja. Ikiwekwa mbili zikigeukiana, gurudumu halina pa kwenda. Zaidi ya hapo, ikilika kidogo haitupwi. Nati ya ekseli hukazwa kiasi na nafasi iliyoachwa na ulikaji huzibwa. Kwa mwenye gari wa mwaka 1898, aliyekuwa mbali na kiwanda na mbali na duka la vipuri, sifa hiyo pengine ilikuwa na thamani kuliko kupungua kwa msuguano. Ilipunguza gharama ya kumiliki chombo, siyo gharama ya safari tu.

Historia ya kampuni yake inasimulia kisa cha majaribio ya St. Louis. Gari la mizigo lilifungwa ekseli zenye beringi mpya, likapakiwa mzigo mkubwa na kukokotwa na nyumbu wawili wadogo. Inasemekana dereva alikamatwa kwa kosa la kutesa wanyama, kwani aliyeona hakuamini kuwa nyumbu wale hawakuwa wakiumia, na utetezi wake mahakamani ukawa ni ile habu. Kisa cha namna hii huongezwa chumvi kila kinaposimuliwa. Kama kilitokea kweli, basi ni tangazo la biashara lililolipiwa na polisi.

Hataza zilitolewa mwaka 1898, na mwaka uliofuata ikaundwa kampuni mjini St. Louis: Timken Roller Bearing Axle Company. Neno la ekseli ndani ya jina hilo halikuwekwa kwa bahati mbaya. Timken hakutaka kuuza rola mkononi ili kila karakana ikazifunge inavyojua. Aliuza ekseli nzima pamoja na habu yake, vikombe vikiwa vimeshabanwa mahali pake. Beringi nzuri ndani ya habu iliyotobolewa vibaya hufa mapema kuliko beringi mbovu, na lawama humwendea mwenye jina.

Hapa inafaa kusimama kidogo kwenye metali, maana ndiko fedha zilikokuwa.

Mwili wa habu na beringi iliyomo hudai tabia tofauti kabisa. Habu inapigwa mishtuko ya mashimo barabarani. Chuma cha kusubu ni rahisi kumimina na kuchonga kwenye mashine, lakini kina kaboni nyingi na kikipigwa hupasuka. Ndiyo maana habu nyingi za magari ya mwanzo zilifanywa kwa chuma cha kusubu kilichopikwa tena tanuruni kwa siku kadhaa ili kipunguze ukavu, au kwa chuma cha pua kilichofuliwa. Chuma cha kusubu chenye ustahimilivu mkubwa, ambacho kaboni yake imejikusanya kama vidonge badala ya vipande bapa, kilipatikana baadaye sana, katika miaka ya 1940. Habu nyingi za malori za leo zimemiminwa kwa chuma hicho.

Rola na njia zake zinahitaji ngozi ngumu isiyobonyea. Lakini ugumu ukipita mpaka ndani, mshtuko mmoja unatosha kuipasua beringi. Suluhisho lililokuja kuwa desturi ya kampuni ni kuanza na chuma cha pua chenye kaboni kidogo, karibu asilimia 0.2, kilichochanganywa nikeli na molibdenamu. Kisha sehemu iliyochongwa huokwa kwenye joto kali mahali penye kaboni nyingi, ngozi ikanyonya kaboni mpaka ikaribie asilimia 1, halafu hupozwa ghafla. Nje inakuwa ngumu kama patasi, ndani inabaki na uvumilivu. Beringi nyingi za gololi hufuata njia nyingine, yaani chuma chenye kaboni karibu asilimia 1 na kromiamu asilimia 1.5, kigumu kuanzia nje hadi katikati.

Tofauti hiyo haionekani kwa macho. Beringi ya chuma hafifu iliyong'arishwa hufanana na ile ya chuma sahihi mpaka siku ya mzigo.

Mwaka 1900 Marekani nzima ilitengeneza magari ya injini 4,192 tu. Soko la Timken lilikuwa bado ni la farasi na nyumbu. Mtu mwenye umri wa karibu miaka 70 angesamehewa kwa kubaki nalo. Badala yake, mwaka 1901 familia iliamua kuhamisha kiwanda kutoka St. Louis hadi Canton, Ohio. Ramani inaeleza sababu. Upande mmoja wa Canton kuna Pittsburgh, mji wa chuma cha pua. Upande mwingine, umbali wa kubebeka, kuna Cleveland, Buffalo na Detroit, ambako watengenezaji wa magari ya injini walikuwa wanaanza kujikusanya. Malighafi inaingilia mlango huu, bidhaa inatokea ule.

Uendeshaji wa kila siku ulikuwa mikononi mwa wanawe wawili, H. H. Timken na William. Mzee alirudi San Diego na alifariki huko Machi 1909 akiwa na umri wa miaka 77. Jumla ya hataza zake zinatajwa kuwa 13.

Alikufa mapema mno kuona kilichofuata. Mwaka huohuo wa 1909 kazi ya ekseli ilitenganishwa na ile ya beringi, ikapelekwa Detroit karibu na wateja. Gari la Ford la Model T, lililoanza kuuzwa 1908 na kufikia zaidi ya milioni 15 lilipokoma mwaka 1927, lilianza na gololi kwenye habu za mbele na rola za Hyatt kwenye ekseli ya nyuma. Kuelekea mwaka 1920 habu za mbele zikaanza kubadilishwa kuwa rola zilizochongoka.

Wenye Model T zilizohifadhiwa bado wanaendelea na mabadiliko hayo hadi leo. Wenye habu za gololi hutafuta habu za miaka ya mwisho, au hupeleka za kwao kwenye mashine ya kukereza ili zipokee vikombe vya rola. Kazi hiyo ina masharti ambayo fundi wa malori anayafahamu. Kikombe lazima kiingie kwa kubanwa. Kikiingia kwa mkono kitazunguka ndani ya habu, na kitailika habu yenyewe. Habu ya alumini inahitaji mbano mkubwa zaidi, kwa sababu alumini ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha pua.

Dawa ya mitaani ya kupiga nukta kwa senta panchi ili kikombe kilichopwaya kishike, au kukichomelea kabisa, haikubaliki kwa wahifadhi hao, na kwenye lori ni hatari zaidi. Nukta hubeba uzito mahali pachache badala ya duara zima. Uchomeleaji unaondoa ule ugumu wa ngozi uliopatikana tanuruni, na chuma cha kusubu kikichomelewa ovyo hupasuka pembeni ya weldi. Habu iliyolika hukerezwa na kuwekwa bushi, ama hubadilishwa.

Tatizo kubwa zaidi la warithi wa Timken lilikuwa kalenda ileile iliyomsumbua baba yao. Hataza za 1898 zilifika ukomo mwaka 1915. Kuanzia hapo umbo la rola lilikuwa mali ya kila mtu. Wakati huohuo vita ya kwanza ya dunia ilifanya chuma kizuri kiwe adimu. Kampuni ilijenga mtambo wake wa chuma cha pua mjini Canton, ukaanza kazi mwaka 1917. Washindani wangeweza kuiga mchoro. Kuiga chuma kulihitaji mtaji wa aina nyingine.

Mwaka 1930 kampuni iliagiza treni ya mvuke yenye namba 1111, beringi za rola kwenye ekseli zake zote, ili kuwashawishi wenye reli. Wanawake wachache walilivuta kichwa hicho kwa kamba mbele ya wapiga picha. Hila ilikuwa ileile ya nyumbu wa St. Louis, ila safari hii hakuna aliyekamatwa.

Uingereza nayo ilitengeneza beringi hizo kwa miongo mingi, kwanza Birmingham, baadaye katika kiwanda cha Duston, Northampton, kilichofungwa mwaka 2002.

Kwa msafirishaji wa kanda hii hesabu ni nyepesi. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari ya mwaka 2013 inaruhusu tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne. Maana yake kila habu inabeba takribani tani 5, na tani hizo zinagawanywa kati ya beringi mbili. Anayezidisha mzigo na kupenya kwenye mizani hajaikwepa habu.

Koni na kikombe kila kimoja kina namba yake, na huuzwa pamoja au mbalimbali. Wenye matela wanazijua HM218248 na kikombe HM218210 za upande wa ndani, na HM212049 na HM212011 za nje. Herufi za mbele zinaonyesha daraja la uzito: L nyepesi, LM nyepesi ya kati, M ya kati, HM nzito ya kati, H nzito. Koni mpya kufungwa juu ya kikombe cha zamani ni akiba ya leo na hasara ya wiki ijayo, kwa kuwa rola mpya zitafuata makovu ya zamani.

Namba hizohizo ndizo zinazoigwa. Kenya ilitunga sheria ya kupambana na bidhaa bandia mwaka 2008, na Tanzania inatumia sheria ya alama za bidhaa ya mwaka 1963 kupitia Tume ya Ushindani. Hata hivyo beringi ni kitu kidogo, kizito na cha bei, kinachoingia kwenye mfuko wa dereva. Aliyeibandika nembo hana haja ya kuiga tanuru. Mnunuzi anayeona bei imeshuka kwa nusu anatakiwa kujiuliza ni kipi kati ya nikeli, kaboni na muda wa tanuru kilichoachwa nje.

Huko Ohio, kampuni ya beringi imebaki na makao yake North Canton. Mitambo ya chuma cha pua ilitenganishwa nayo mwaka 2014 ikawa kampuni inayojitegemea, TimkenSteel, na mwaka 2024 kampuni hiyo ikaliacha jina la mzee na kuitwa Metallus.